Klorini inanimalizia hela na bwawa bado ni la kijani. Wenye bwawa nyumbani, mnatibuje maji yenu?

BiMkubwa_Mbezi

Wakuu, habari za majukumu.

Nyumba tuliyohamia mwaka jana hapa Mbezi Beach tulikuta ina bwawa la kuogelea, mita 8 kwa 4, upande wa watoto kina mita 1, upande wa pili mita 1.8. Siku tunanunua niliona ni neema. Sasa hivi naliona kama mtoto wa tano anayesoma shule ya kulipia.

Fundi anakuja kila Jumamosi saa nne asubuhi. Mwanzoni alikuwa anamwaga klorini ya unga kilo moja, anapiga brashi, anaosha chujio la mchanga, anaondoka. Jumapili maji yanang'aa hadi unahesabu vigae vya chini. Jumatano ngazi zinaanza utelezi. Ijumaa bwawa zima rangi ya kisamvu. Nikalalamika, akanishauri tuhamie kwenye vile vidonge vikubwa vinavyokaa kwenye kielea, vitano kwa wiki. Miezi miwili tukakaa raha mustarehe. Mwezi wa tatu kijani kimerudi, na cha ajabu karatasi ya kupimia inaonyesha klorini ipo! Fundi anasema tuongeze vidonge. Nikamwambia subiri kwanza nikaulize wenye akili zao.

Ninachotafuta ni njia isiyonifilisi na isiyonifanya mtumwa wa bwawa. Mnatumia unga, vidonge, klorini ya maji, au hizi mashine za chumvi? Maji yangu ni ya kisima.

Nawasilisha.

Kijiwe_Nongwa

Wengine tunaamka saa nane usiku kukinga maji ya kupikia, nyie mnalia na maji ya kuogelea. Haya, nimevuta kiti na karanga zangu, nasoma.

BiMkubwa_Mbezi

Hahaha, mkuu siku ukikwama njoo na ndoo. Ila usinywe.

MzeeWaPampu

Dada, huyo fundi hajakuibia. Anayekuibia ni jua.

Nimefanya kazi ya mabwawa miaka mingi, hoteli na majumbani, na hili la kwako nimelikuta si mara moja. Ngoja nilieleze taratibu, maana ukilielewa hutabishana tena na fundi yeyote.

Anza na ujazo. 8 mara 4 mara wastani wa kina 1.4, unapata karibu mita za ujazo 45, yaani lita 45,000. Andika namba hiyo ukutani kwenye chumba cha pampu. Kila gramu moja ya klorini halisi kwenye mita moja ya ujazo ni ppm 1, yaani sehemu moja kwa milioni. Kwa hiyo bwawa lako linahitaji gramu 45 za klorini halisi ili kipimo kipande kwa 1.

Ile klorini ya unga, ambayo ni kalisi haipokloraiti, nyingi ni 65% hadi 70%. Kilo moja ina gramu 650 za klorini hivi. Gawanya kwa 45: fundi alikuwa anakupandishia maji hadi ppm 14 kwa mpigo, saa nne asubuhi, jua la Dar likiwa linajiandaa. Klorini isiyo na kinga juani haidumu. Nusu yake inaweza kupotea ndani ya saa moja, na ikifika jioni bwawa halina kitu. Jumapili maji yalikuwa masafi kwa sababu kile kipigo cha Jumamosi kiliua kila kitu. Kuanzia hapo hadi Jumamosi nyingine maji yalikuwa hayana mlinzi. Mwani haungoji kualikwa.

Halafu mkahamia vidonge. Vile vinaitwa traiklo, vina klorini 90%, na ndani yake kuna kinga ya jua, asidi ya sayanuriki, mafundi tunaita stebilaiza. Ndiyo maana miezi miwili ilikuwa raha. Tatizo ni kwamba klorini inatumika na kuisha, stebilaiza haiishi. Haivukiki, haichujwi, jua haliigusi. Inabaki majini na kila kidonge kinaongeza nyingine. Kidonge cha gramu 200 kwenye bwawa lako kinaongeza klorini ppm 4, na stebilaiza zaidi kidogo ya ppm 2. Wewe ulikuwa unaweka vitano kwa wiki. Wiki 13 mara 12, uko kwenye 150 na ushee, toa kidogo kwa maji yaliyotoka wakati wa kuosha chujio.

Stebilaiza ikiwa 30 hadi 50 ni rafiki: inaishika klorini mkono isichomwe na jua. Ikifika 150 imeishika hadi inaibana. Karatasi inakuonyesha klorini 3 na haidanganyi, ipo kweli, ila imefungwa kamba. Kanuni yangu ya mkono: klorini isishuke chini ya 7.5% ya stebilaiza. Stebilaiza 40, klorini 3 inatosha. Stebilaiza 150, unahitaji 11 hata kuanza mazungumzo na mwani.

Kabla hujanunua chochote, kapime stebilaiza.

Mwana_Nyali

Mzee amemaliza kazi. Naongeza la kwetu Mombasa.

Mimi nilitumia ile ya unga miaka miwili na stebilaiza niliweka vizuri tu. Kilichonishinda ni ukoko. Hapa Nyali chini yetu ni jiwe la matumbawe, maji ya kisima yana chokaa tangu yanapotoka, na ile klorini ya unga nayo ina kalisi ndani yake. Mwaka haukuisha, vigae vilikuwa na mstari mweupe kama sufuria ya chai, na mchanga wa chujio umeshikana kama simiti. Fundi alitumia patasi kuuvunja. Kabla mtu hajakuuzia unga kwa sababu ni rahisi, kapime ugumu wa maji ya kisima chako.

Sasa natumia klorini ya maji na sijarudi nyuma.

MzeeWaPampu

Kweli kabisa. Kila ppm 10 za klorini kutoka kwenye unga huleta ugumu wa ppm 7 hivi. Bwawa la dada likila ppm 3 kwa siku, mwezi mmoja ni ppm 60 na kitu za ugumu. Kwa mtu mwenye maji laini hilo si tatizo kabisa, na saruji ya bwawa inapenda kalisi kidogo, isipoipata majini itainyonya ukutani. Kwa mwenye kisima cha pwani, ni kujitafutia kazi ya patasi.

Kobe_Mkimbiaji

Mnahangaika bure. Nunueni mrututu, vijiko kadhaa, kijani kinakufa. Maji yakiwa na ukungu, shabu. Babu yangu alisafishia maji ya mto kwa shabu na aliishi miaka mingi. Hela ya klorini mkanywee supu.

MzeeWaPampu

Mwanangu, shabu nakuunga mkono nusu. Shabu inakusanya uchafu mdogomdogo na kuuzamisha chini, halafu unaunyonya na kuutoa nje kabisa, usiupitishe kwenye chujio. Hiyo ni kazi ya kung'arisha, vijidudu havifi.

Mrututu ni shaba. Mwani unakufa, ndiyo. Lakini mtoto akijisaidia kwenye maji, mrututu hauna haraka ya kuua kilichotoka tumboni mwake, ule ni ugonjwa kwa wenzake wote. Na shaba ikizidi, au pH (kipimo cha asidi na magadi majini) ikipanda, inakaa ukutani kama madoa ya kijani na buluu ambayo hata brashi ya waya inayasalimia tu na kupita. Nimeona bwawa jeupe zuri likageuka kama sufuria ya shaba iliyosahaulika jikoni.

Kobe_Mkimbiaji

Sawa mzee, nimekaa chini.

Mhasibu_Mstaafu

Naona watu mnalinganisha ndoo na dumu na pakiti. Huwezi kulinganisha vyombo. Linganisha gramu za klorini halisi zilizomo, ukagawanye bei kwa gramu hizo. Mimi nimezoea vitabu vya hesabu, naomba mnivumilie.

Kwa bwawa la lita 45,000, kupandisha ppm 1 tu, unahitaji mojawapo ya hizi: unga wa 65% gramu 70, kidonge cha traiklo gramu 50, yaani robo ya kidonge kikubwa, klorini ya maji ya kiwandani yenye 12%, mililita 375, ile ya dukani ya kufulia nguo nyeupe, nyingi zimeandikwa 3.5%, lita 1.3.

Bwawa letu la nchi za joto, lenye stebilaiza ya kutosha, hula kama ppm 3 kwa siku, au hata ppm 4 jua likikaza au watoto wakijaa. Kwa ppm 3 kila siku, mwezi mzima ni unga kilo 6 na kidogo, au klorini ya maji ya 12% lita 34, au ya kufulia lita 115. Hiyo ya mwisho nimeiandika ili muone kwa nini chupa ya dukani inaonekana rahisi rafuni na inakuwa ghali bwawani: unanunua maji na plastiki. Inafaa kwa dharura, mfano klorini imekwisha na wageni wanakuja kesho. Na hakikisha ni ile isiyo na manukato wala sabuni, la sivyo utaogelea kwenye povu.

Sasa chukua simu, piga maduka matatu, uliza bei, gawanya. Nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza niligundua bidhaa moja iliyoandikwa "ofa" ilikuwa na gramu za klorini ghali kuliko zote. Pakiti ilikuwa imeandikwa asilimia kwa maandishi ya kutafuta kwa miwani.

Jambo la mwisho kwenye hesabu: vidonge vina gharama ambayo haiko kwenye bei. Stebilaiza ikijaa, unamwaga maji. Jumlisha na maboza.

BiMkubwa_Mbezi

Mhasibu, wewe ni zawadi. Nimeprinti.

Swali kwa wote: hii klorini ya maji naipata wapi na inakaa muda gani? Nimesikia inaharibika.

Mwana_Nyali

Wauzaji wa kemikali za viwandani na za kutibia maji wanayo kwa madumu. Na ndiyo, inapungua nguvu yenyewe. Joto na mwanga ndio maadui. Dumu la 12% ukiliacha kwenye banda la mabati, wiki chache tu tayari ni dhaifu. Mimi nanunua ya mwezi mmoja tu, nauliza imetengenezwa lini, naiweka stoo yenye kivuli na hewa, mbali na vyuma. Siku nikinunua nyingi naichanganya nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chokaa. Iliyopunguzwa makali inadumu zaidi kuliko kali, hili wengi hawalijui.

Na unapoibeba kwenye gari, isimamishe wima na ufungue vioo. Nilijifunza hilo kwenye foleni ya Likoni, sitaki kulisimulia.

Pwani_Mchanganyiko

Lisimulie!

Mwana_Nyali

Kifuniko kililegea. Suruali ilikuwa ya kahawia, ikashuka kivukoni ikiwa ya aina mbili. Tuendelee.

Chumvi_ya_Fumba

Assalaam aleikum. Mimi nipo Unguja, Fumba, nina mashine ya chumvi mwaka wa nne huu. Naona watu wanaiogopa bure, na wengine wanaisifu bure.

Kwanza, bwawa la chumvi ni bwawa la klorini. Aliyekwambia halina klorini amekuuzia maneno. Unatia chumvi majini, maji yanapita kwenye mabamba yenye umeme, chumvi inageuka klorini, klorini inafanya kazi na kurudi kuwa chumvi. Kiwango ni kama gramu 3 hadi 3.5 kwa lita, na maji ya bahari yana 35 hivi, kwa hiyo ni kama sehemu moja ya kumi ya bahari. Ulimi unahisi, macho hayaumi. Bwawa la dada lingetaka kilo 145 hivi, ni magunia matatu ya kilo 50. Baada ya hapo unaongeza tu kufidia maji yaliyomwagika.

Raha yake: haikusahau. Kila pampu ikiwaka, klorini inatengenezwa kidogokidogo. Mashine ya gramu 15 kwa saa ingelitosha bwawa la dada ikiwaka saa 9 kwa siku.

Karaha yake, sikilizeni. Umeme ukikatika siku mbili, hakuna klorini, weka dumu la akiba. pH inapanda yenyewe, kila wiki natia asidi kidogo. Mabamba yanashika chokaa, hasa kwa maji yetu haya, nayasafisha kwa asidi iliyopunguzwa sana, na kila ukisafisha unayala kidogo. Mabamba yenyewe yanaisha, na bei yake ni ya kukufanya ukae chini. Ngazi za chuma cha bei rahisi zinaota kutu. Na stebilaiza bado unahitaji, tena zaidi kidogo.

Chumvi yenyewe nunua iliyosafishwa, isiyo na madini joto. Nilitaka kujifanya mjanja nikaleta ya mashambani, ya kuanika juani, ya bei ya bure. Ilikuja na udongo na vijani vya baharini. Wiki nzima chujio lililia.

Ukigawanya gharama kwa miaka, kwangu imelingana na klorini ya maji. Sijaokoa hela, nimeokoa jioni zangu.

Mkaazi_wa_Maskati

Hapo pa kusema kweli umesema kweli, Fumba. Huku Maskati kiangazi maji ya bwawa yanakuwa kama ya kuogea mtoto mchanga, moto ukapanda klorini inakwisha upesi na mwani unafurahi. Mashine ya ndugu yangu ilinunuliwa kwa ujazo wa bwawa kama kitabu kilivyoandika, ikawa haifiki miezi ya joto. Wa pwani mkinunua, chukueni saizi moja juu.

BiMkubwa_Mbezi

Nimepima! Nilipata kipimo cha matone badala ya karatasi. Stebilaiza: kichupa kinaishia kwenye 100, na lile doti jeusi la chini unalotazama hadi lipotee limepotea kabla sijafika hata mstari huo. Nikachanganya maji ya bwawa nusu na ya kisima nusu nikapima tena, imesoma 75 hivi. Mzee, ni 150 kama ulivyosema ukiwa umekaa kwako!

Sasa namwaga bwawa lote?

MzeeWaPampu

USIMWAGE LOTE. Naandika kwa herufi kubwa kwa makusudi.

Huko Mbezi Beach maji ya ardhini yako karibu, na masika yakikolea yako karibu zaidi. Bwawa tupu ni mtumbwi wa zege. Maji ya chini yakilisukuma linaelea, linapasuka, na hapo hatuongelei klorini tena, tunaongelea ukoo mzima kuchanga. Kama kuna bomba la kupunguzia maji ya chini, mwite anayelijua. Kama huna uhakika, punguza kidogokidogo.

Theluthi mbili ya maji inatakiwa itoke ili ushuke kutoka 150 hadi 50. Toa theluthi, jaza. Toa tena, jaza. Kwa awamu unatumia maji mengi kidogo kuliko kumwaga mara moja, lakini bwawa linabaki chini ya ardhi linakostahili kuwa. Acha klorini ishuke kwanza, maji hayo yanyweshee nyasi. Na pima kisima chako chumvi na ugumu kabla ya kujaza nacho. Kama kimeingiliwa na bahari, bora boza.

Ukishafika 50, unapiga kipigo kimoja cha nguvu: klorini 20, yaani 40% ya stebilaiza. Kwa klorini ya maji ya 12% ni lita saba na nusu, jioni, pampu ikiwa inawaka, unamwaga taratibu mbele ya tundu la maji yanayorudi. Piga brashi kila kona, hasa nyuma ya ngazi. Pampu isizimwe usiku na mchana. Pima, rudisha hadi 20, pima, rudisha. Wengi wanashindwa hapa: wanapiga kipigo kimoja wanakwenda kulala. Ni vita ya siku kadhaa.

Utajuaje umeshinda? Pima klorini jua likizama, pima tena alfajiri kabla halijachomoza. Usiku hakuna jua la kusingiziwa. Ikipungua zaidi ya ppm 1, bado kuna kinachoila humo. Isipopungua na maji yakiwa maangavu, iache ishuke yenyewe.

Na angalizo la kipimo: vile vya kugeuka waridi, klorini ikizidi sana rangi inafutika na kuonekana nyeupe, mtu anadhani hakuna klorini anaongeza dumu. Ikiwa hivyo, punguza sampuli kwa maji safi upime upya.

Mama_Watatu_Kimara

Samahani kuingilia. Sina bwawa, nina dada wa kazi aliyeungua mapafu kwenye nyumba ya mwajiri wake wa zamani. Aliambiwa asafishe banda la pampu, akachanganya asidi na klorini kwenye ndoo moja "viishe". Alikaa hospitali siku nne. Nyie mnaongea madumu na asidi kama mnaongea sukari na maziwa. Tafadhali andikeni na hilo.

MzeeWaPampu

Ahsante mama, ningepaswa kuanza nalo. Pole kwa dada.

Asidi na klorini, ya aina yoyote, zikikutana hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo ndiyo iliyotumika kuua askari kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Zikae vyumba tofauti, au angalau pande tofauti, asidi chini na klorini isiwe juu yake. Bwawani, moja leo, nyingine baada ya saa kadhaa.

Unga na vidonge visikutane kabisa, hata vumbi. Mjukuu wangu wa kazini alitumia kopo lilelile kuchota vyote viwili, kopo likaanza kutoa moshi mkononi. Alilitupa kwenye nyasi likawaka. Kwa hiyo dada, kielea chako cha zamani kilichobeba vidonge usikiwekee unga kamwe.

Na daima kemikali inaingia kwenye maji. Maji hayamwagwi juu ya kemikali.

Kigamboni_Mbunifu

Kwa upande wa kutokuwa mtumwa wa bwawa: mimi ni mvivu, niliamua uvivu uwe na mfumo.

Nina pampu ndogo ya matone, ile inayokamua mpira kama mtu anakamua ng'ombe. Inanyonya klorini ya maji kutoka kwenye dumu na kuingiza kwenye bomba, BAADA ya chujio na pampu kubwa. Zote mbili ziko kwenye taima moja, kwa hiyo pampu kubwa ikizima na ya klorini imezima. Hili si la hiari. Ya klorini ikiendelea peke yake, inajaza bomba kwa klorini kali, na anayeingia bwawani pampu ikiwaka anaipokea usoni.

Nimeipanga iwake jioni, saa moja hadi saa tatu. Lita moja na kidogo kila siku. Mimi kazi yangu ni kupima mara mbili kwa wiki, na kubadilisha ule mpira unapochoka. Kabla ya hapo nilijaribu kutundika dumu na kamba ya dripu ya hospitali. Ilifanya kazi siku nne, ikaziba kwa chokaa, ya tano ikazibuka yenyewe usiku. Asubuhi taulo lililosahauliwa ukingoni lilikuwa jeupe kuliko sanda.

Mwana_Nyali

Na usisahau turubai. Bwawa langu nalifunika mchana tukiwa kazini. Jua halioni maji, klorini inadumu, majani ya mwarobaini hayaingii. Nalifunua jioni lipumue. Klorini ninayonunua imepungua wazi kabisa, na turubai halina asilimia ya kusoma kwa miwani.

Ila lifungwe sawasawa. Turubai legelege juu ya bwawa na mtoto mdogo nyumbani ni mtego.

BiMkubwa_Mbezi

Wiki tatu baadaye, narudisha mrejesho.

Tulitoa maji kwa awamu tatu. Kisima changu kilisoma chumvi nyingi kuliko nilivyodhani, nikaagiza maboza. Hiyo iliuma, na Mhasibu alikuwa ameshaniambia ingeuma. Stebilaiza sasa ni 50. Kipigo kilichukua siku tano. Siku ya pili maji yaligeuka kijivu kama ya kuoshea vyombo, nikataka kulia, fundi akasema mwani ndio unakufa huo. Siku ya nne nikaona vigae. Usiku wa tano klorini ilipungua nusu tu ya ppm.

Fundi nimemsomea uzi huu mwanzo hadi mwisho, tumekaa naye na chai. Hakununa. Aliuliza kwa nini hakuna aliyewahi kumweleza habari ya stebilaiza, akaniomba picha ya hesabu za Mhasibu. Sasa anakuja Jumamosi kupiga brashi na kuosha chujio. Klorini tunamwaga wenyewe kila siku baada ya magharibi, lita moja na kikombe, mwanangu wa kwanza ndiye mwenye zamu, na glavu na miwani. Vidonge vilivyobaki nimeviweka kwa ajili ya safari tu, wiki moja ya likizo haitajaza stebilaiza.

Mashine ya chumvi nimeiacha kwa sasa. Pampu ya matone ya Kigamboni naitamani. Mkuu, ule mpira unanunua wapi?

Kigamboni_Mbunifu

Nunua miwili pamoja na pampu yenyewe siku hiyohiyo. Ukichelewa, muuzaji atakuwa ameshabadilisha modeli.

Kijiwe_Nongwa

Karanga zimeisha. Dada, ile ofa ya kuja na ndoo bado ipo?

BiMkubwa_Mbezi

Njoo Jumapili. Ndoo acha, lete kaptula.